Kengele Iliyojibiwa Mtoni

Siku ya Jumamosi, tarehe 14 Agosti 1993, saa moja na nusu ya asubuhi, fundi baiskeli aliyejulikana mtaa mzima kwa jina la Spoki alifunga duka lake, akalivuta kufuli mara mbili kama ilivyokuwa kawaida yake, kisha akapanda baiskeli. Jina lake kamili lilikuwa kwenye kitambulisho na kwenye leseni iliyobandikwa ukutani, na huko ndiko lilikobaki; hata mkewe, alipokuwa hai, alimwita Spoki.

Waliomfuata walikuwa wawili. Mmoja alikuwa binti yake wa pekee, aliyehitimu uuguzi mwezi Juni, na ambaye tarehe 23 Agosti alitakiwa kuripoti kazini katika hospitali ya mbali. Wa pili alikuwa shemeji yake, kaka wa marehemu mkewe, mwalimu wa historia, mtu mwembamba mwenye miwani na maneno mengi. Safari ilikuwa ya kumuaga binti. Wangeteremka bonde la mto kwa baiskeli, wapite vijiji vya kale vilivyojipanga kandokando ya maji, walale katika nyumba ya wageni iliyo karibu na daraja, na kesho yake warudi.

Tangu mwaka 1986, mama yake alipofariki, binti huyo alikuwa amelelewa dukani, katikati ya matairi na harufu ya gundi. Alipokuwa mdogo alikuwa na hofu moja tu, kwamba baba ataondoka naye asijue. Basi fundi alikuwa akichana kifuniko cha kasha la viraka, akakibana kwenye fremu kiguse spoki, akalizungusha gurudumu upande wa pili wa pazia. Tatatata. Mtoto akisikia mlio ule, alijua kwamba baba yupo, akalala. Hakuna mteja aliyewahi kuelezwa habari hiyo.

Katika uongozi wa msafara Spoki alikuwa na sheria isiyojadiliwa. Kiongozi hageuki nyuma, kwa sababu baiskeli humfuata mpandaji macho, na njia za bondeni hazimsamehi anayeyumba. Badala ya kugeuka, kiongozi hupiga kengele mara moja, na walio nyuma hujibu kwa zamu, mmoja baada ya mwingine. Zaidi ya hapo hakuhitaji kitu, kwa maana kengele zote tatu alizijua kama watu wanavyojua vikohozi vya nyumbani kwao. Yake mwenyewe ilikuwa ya shaba, nzito, yenye sauti nene iliyokawia hewani. Ya shemeji ilikuwa na ufa, ikilia kama kijiko kwenye kikombe cha bati. Ya binti ilikuwa nyembamba na safi. Fundi aliichonga kwa mikono yake kutokana na saa mbovu ya mezani.

Asubuhi yote walipita njia ya juu, mbali na mto, na kengele zilijibizana vizuri. Katika kijiji cha kwanza mwalimu aliwasimamisha mbele ya kila mlango wenye mwaka uliochongwa juu ya kizingiti, akasoma 1868, akasoma 1874, akaeleza nani alijenga na mawe yalitoka wapi. Binti alimwambia kwamba kwa kweli mjomba wake ni mwalimu wa kuzaliwa, kwani hata mlango uliofungwa haukuachwa bila somo.

Kijiji cha pili kilikuwa chini zaidi, na mto ulisikika ukinguruma nyuma ya nyumba. Hapo tairi la nyuma la fundi mwenyewe liliishiwa upepo. Mwalimu alifurahi kupita kiasi.

"Mtaa mzima unakutegemea, shemeji," alisema, "kumbe daktari mwenyewe ana kidonda."

"Kidonda kinatibika," fundi alimjibu. "Maneno yako ndiyo hayana kiraka."

Akaketi barazani mwa duka la chai, akaigeuza baiskeli miguu juu, akaanza kazi. Wenzake wakachukua baiskeli zao, wakateremka kwenda kutazama gati la mawe pembezoni mwa maji. Waliporudi, chai ilikuwa imekwisha kumiminwa. Binti alikuwa akicheka. Alisimulia kwamba walikuwa wamepiga kengele pale gatini kwa mchezo, na kwamba ng'ambo kulikuwa na mtu aliyewajibu, na kengele ya mtu huyo ilikuwa kama yake, kisha ikawa kama ya mjomba, mpaka ule ufa.

Mwalimu alisema ulikuwa mwangwi. Kuta za mawe, maji mapana, jambo la kawaida kabisa.

"Ndiyo, Mjomba," binti alisema, akipuliza chai. "Ila mara ya mwisho mwangwi wako ulinitangulia. Ulilia kabla sijapiga."

Hakuna aliyelitilia maanani. Fundi alikuwa akitafuta pampu.

Saa tisa alasiri walifika mahali ambapo barabara ya changarawe hukoma na kuanza njia ya mawe iendayo kijiji cha chini, kilichohamwa na watu wake zamani. Palikuwa na kibarua wa barabara, mwanamume mnene mwenye koleo na toroli, akiziba mashimo. Aliwatazama kwa furaha ya mtu aliyekaa peke yake kutwa, akawauliza kama wanakwenda kwenye mashindano au wamefukuzwa nyumbani. Binti alimjibu kwamba yeye na baba yake wanatembea, ila mjomba ndiye amefukuzwa. Kibarua akacheka mpaka akaegemea koleo.

Kisha macho yake yakaangukia kwenye usukani wa baiskeli.

"Hizo kengele," alisema, "huwa mnazipiga?"

Fundi alimweleza sheria yake, kwa fahari kidogo. Kibarua hakucheka tena. Alisema kwamba hapo chini, zamani, palikuwa na pantoni la kuvutwa kwa kamba. Mto ulinguruma hata mtu hakuweza kuita kwa mdomo akasikika, ndiyo sababu zilitundikwa kengele mbili, moja huku na moja ng'ambo, na mvushaji aliufuata upande uliolia. Siku ya mwisho ukungu ulishuka, zikapigwa zote mbili kwa pamoja. Mvushaji alikuwa katikati ya maji. Hakujua aende wapi. Hakuonekana tena, yeye wala abiria wake.

"Pantoni lilifutwa mwaka 1931, daraja lilipofunguliwa," mwalimu alisahihisha. "Kumbukumbu zipo. Hazitaji ajali yoyote."

"Kumbukumbu ziliandikwa na waliovuka, Mwalimu."

Akamgeukia fundi, akishusha sauti kana kwamba mto una masikio. Tangu siku ile, alisema, mvushaji ndiye anayepiga. Mtu akimpigia karibu na maji, au akimjibu, basi mvushaji huichukua sauti ya kengele ya mtu huyo. Na akiwa nayo, hamwiti mwenye kengele.

"Anawaita watu wa mwenye kengele," alisema. "Nani kati yenu ameshapiga mtoni?"

Fundi alikumbuka chai na kicheko. Binti aliinua kidole polepole, kama mwanafunzi aliyekosea. Mwalimu akajifanya anafuta miwani.

Kibarua aliwatazama wawili wale, kisha akamtazama baba. "Basi umebaki wewe, mzee wangu. Usipige. Hata ukisikia nini."

Mwalimu alitaka kubishana. Kurudi hakukuwezekana, kwani kijiji cha pili hakikuwa na malazi, na nyumba ya wageni ilikuwa mbele, upande wa pili wa magofu, mwendo usiofika hata saa moja. Fundi hakusema kwamba anaamini, wala hakusema kwamba haamini. Alitoa tyubu kuukuu mfukoni mwa zana, akaikata vipande, akazifunga kengele zote tatu mwenyewe. Za wale wawili alizikaza kwa waya, akausokota kwa plaizi, zisiweze kufunguka bila chombo. Yake aliifunga kwa fundo la kuvuta. Kiongozi, aliwaza, hawezi kukosa kabisa njia ya kutoa onyo.

Hilo ndilo kosa alilolifanya, na alilifanya kwa sababu ya ufundi wake.

Waliingia kijiji cha chini wakisukuma baiskeli. Nyumba zilikuwa za mawe, ndefu, zisizo na milango wala madirisha, na njia ya katikati ilikuwa imesakafiwa kwa mawe yaliyolainishwa na nyayo za watu wa kale. Hapakuwa na ndege. Hata mwalimu, aliyekuwa na miaka mingi ya kusoma juu ya vizingiti, alivipita bila kuvisoma.

Ukungu ulitokea mtoni. Haukushuka kutoka mlimani kama ilivyo kawaida ya ukungu, ulipanda. Ulikuja vichochoroni kwa usawa wa magoti, kisha wa viuno, kisha hawakuona tena kuta.

Mwalimu alinong'ona kwamba kwa mwendo ule watalala humo. Fundi aliyapima mawe kwa unyayo, akaona ni laini, na moyo wake ulikuwa na neno moja tu, kumtoa mwanawe mahali pale upesi.

"Tupande," alisema. "Nyuma yangu, mama. Usiliache gurudumu langu."

"Nipo, Baba."

Wakapanda. Mwanzoni alisikia pumzi yake nyuma. Kisha njia ikainama kidogo, na ngurumo ya mto ikaongezeka, na pumzi haikusikika tena. Hakugeuka. Miaka thelathini hakuwahi kugeuka. Alikaza mikono kwenye usukani, akahesabu kwamba wakiwa kimya wako salama, na kwamba kila mzunguko wa pedali inawapunguzia safari.

Ndipo kengele ilipolia nyuma yake.

Ilikuwa nyembamba na safi. Ya binti.

Kisha kijiko kwenye kikombe cha bati. Ya mwalimu.

Fundi alikasirika kwanza. Alijua kazi ya nani. Mtu asiyeamini ameona afungue kengele ili athibitishe hoja yake. Lakini chini ya hasira palikuwa na nafuu, nafuu kubwa, kwani sauti zile zilimaanisha kwamba wapo, wote wawili, kwa mpangilio, karibu. Kengele zikalia tena, kama watu wanaouliza. Mbona kiongozi yuko kimya? Mkono ulikuwa na mazoea kuliko akili. Kidole gumba kilivuta fundo. Mpira ukaanguka.

Akapiga. Mara moja tu.

Sauti nene ya shaba ikaenda ndani ya ukungu, ikakawia, ikazama.

Mto ukanyamaza.

Haukupungua. Ulinyamaza, kama mtu aliyeshika pumzi ili asikilize vizuri. Na katika ukimya huo fundi alitambua mambo mawili ambayo sikio lake lilikuwa limeyajua tangu mwanzo. Waya ule aliusokota mwenyewe. Hakuna anayeweza kuufungua akiwa anaendesha. Na kengele iliyofungwa kwenye usukani unaopita juu ya mawe hutetemeka. Zile hazikutetemeka hata kidogo. Zililia kama kengele zilizosimama mahali pamoja.

Akageuka.

Njia ilikuwa tupu.

Akatazama mbele. Gurudumu lake la mbele lilikuwa ndani ya maji. Mawe laini aliyoyafuata hayakuwa njia ya kijiji. Yalikuwa mteremko wa gati la pantoni.

Alishuka, akarudi nyuma hatua chache. Hapo ndipo mto ulipoanza tena kunguruma, na juu ya ngurumo, kutoka katikati ya maji, ikalia kengele ya tatu. Nene. Ya shaba. Iliyokawia hewani.

Alitazama usukani. Kidole chake hakikuwa kwenye kengele.

Ikalia tena. Mbali kidogo, upande wa kina.

Alimsikia mwanawe kabla ya kumwona. Alisikia matairi yakiteremka juu ya mawe, na kishindo kidogo cha begi lake la nyuma, upande wa kulia, yakipita, yakiifuata kengele ya baba kama yalivyofundishwa. Aliita. Aliita jina lake la nyumbani kwa sauti yote aliyokuwa nayo, na mto ukaimeza. Akaushika usukani, akapiga kengele kwa nguvu ili amvute arudi.

Kengele haikulia.

Alipiga tena. Kitufe kilishuka, nyundo ndogo ikagonga shaba, akauhisi mgongano huo katika kidole. Hakukuwa na sauti. Ya mtoni ikajibu badala yake.

Matairi yalikuwa majini sasa. Alisikia maji yakikatwa.

Baba huyo hakuwa na sauti, na hakuwa na kengele. Mikono ndiyo iliyobaki. Ilifungua mfuko wa zana, ikatoa kasha la viraka, ikachana kifuniko. Aliipindua baiskeli miguu juu pale kwenye mawe, akakibana kifuniko kwenye fremu, akaizungusha pedali kwa nguvu zake zote.

Tatatata.

Ulikuwa mlio mdogo. Mkavu. Haukufanana na kitu chochote cha mtoni.

Kengele ya shaba ikalia haraka, mara nyingi, bila mpangilio.

Tatatata.

Breki zikalia ndani ya ukungu.

"Baba?"

Sauti ilikuwa chini yake, kulia, mbali kuliko alivyoogopa. Alizidi kuzungusha. Damu ilimtoka kidoleni kilipogusa spoki, naye hakuacha.

"Usiache," sauti ikanong'ona. "Nakuja huko. Usiache."

Alikuja akiburuta baiskeli, amelowa mpaka kifuani. Fundi alimkamata mkanda wa begi, kisha mkono, kisha akamkamata kichwa kizima. Alikuwa baridi kama bomba la chuma. Gurudumu liliendelea kuzunguka peke yake, likapungua, likasimama.

Kengele nazo zilikuwa zimenyamaza.

Walikuwa wanageuza baiskeli wapande mteremko waliposikia. Ilitoka kule katikati ya maji, polepole, kama mtu ajaribuye chombo kwa mara ya kwanza.

Ta.

Ta. Ta.

Tatatata.

Mwalimu walimkuta kwenye njia panda, ameshika mnyororo uliokatika, uso umempauka kama chaki. Mnyororo ulikuwa umekatika muda mfupi baada ya kupanda, alieleza baadaye. Walimwita fundi, hakusikia. Wakasimama. Ndipo wakasikia kengele yake huko chini, na binti akasema, "Baba huyo," akapanda, akaenda. Hilo ndilo alilolieleza. Aliyosikia baada ya hapo, akiwa peke yake ukunguni, hakuyaeleza wakati ule wala baadaye. Wakatoka kijijini kwa miguu, kila mmoja ameshika kiti cha baiskeli ya mwenzake, na taa ya nyumba ya wageni ilipoonekana ilikuwa tayari magharibi.

Jumatatu, tarehe 16 Agosti, fundi alifungua duka kama kawaida. Kengele ya mwalimu na ya binti alizikata waya, akazipima. Zilikuwa nzima, kila moja na mlio wake. Yake aliifungua juu ya meza. Springi ilikuwa nzuri. Meno hayakulika. Nyundo ilikuwa mahali pake. Aliitundika shaba kwenye uzi, akaigonga kwa spana. Ilikuwa kama kugonga unga uliokandwa. Mteja aliyekuwa akisubiri tairi lake alicheka, akaomba ajaribu yeye. Akajaribu. Akaacha kucheka.

Kengele hiyo iko pale dukani hadi leo, kwenye msumari juu ya meza ya kazi. Chini yake, ukuta una doa la maji linaloteremka mpaka sakafuni. Ukuta ulipigwa plasta upya mwaka 1995 na kupakwa rangi mara kadhaa. Doa hurudi hata wakati wa kiangazi, na ukilikaribia lina harufu ya tope la mto.

Binti alikwenda kazini tarehe yake, na yu mzima. Huja likizo kila mwaka. Ombi lake la kwanza kwa wakubwa wake lilikuwa wodi isiyo na madirisha ya upande wa mtaro wa maji unaopita nyuma ya hospitali. Hawakumwuliza sababu, wakampa.

Mwalimu naye anasimulia habari hii katika chumba cha walimu kwa namna yake. Husema kwamba ulikuwa mwangwi, kwamba kengele iliingia kutu, na kwamba shemeji yake, maskini, tangu safari ile amekuwa kiziwi, kwani wateja husimama mlangoni wakapiga kengele za baiskeli zao mpaka wachoke naye hainui kichwa.

Hayo ya mwangwi tumwachie mwenyewe. Shaba haina kutu ya namna hiyo, na hilo fundi yeyote atamweleza. Lakini la ukiziwi si kweli, na yafaa lisahihishwe. Spoki anasikia. Anasikia kila kengele inayopigwa mlangoni pake, na hasa ile nyembamba na safi aliyoichonga mwenyewe, ambayo siku za ukungu hulia nje ya duka alasiri, wakati binti yake yuko kazini mbali na pale. Anaisikia vizuri kuliko zote. Haijibu, wala hainui kichwa, mpaka mkono wa mtu umguse begani, na aupapase kwanza, ahakikishe kwamba ni mkavu.